Nilishinda Ubishi, Nikamnyima Mtu Kazi

Mtu niliyemnyima kazi ni fundi wa redio wa mtaa wa Jericho, Nairobi, na kosa lake lilikuwa kusikia vizuri kuliko mimi. Kamati ya kanisa iliniuliza kama anafaa kukabidhiwa vyombo vya muziki, nikajibu kwamba huyo hawezi hata kutofautisha gitaa na kinanda. Watu wakacheka, mwenyekiti akapita kwa jina linalofuata, na kazi ikaenda kwa mwingine. Asiyeweza kutofautisha gitaa na kinanda nilikuwa mimi. Hilo ningeweza kusamehewa, maana masikio hukosea. Lisilosameheka kirahisi ni kwamba baadaye niliujua ukweli, nikaukalia.

Jambo lenyewe lilianza kama mchezo. Wanaoijua Jericho wanajua kwamba Jumapili jioni, mechi za Camp Toyoyo zikiisha, watu hawaendi nyumbani moja kwa moja. Kila kundi lina base yake. Kuna base ya siasa, kuna ya Gor Mahia na Ingwe, na yetu ilikuwa ya muziki, kwenye kibanda cha kinyozi, na wanachama wake walitoka hadi Buruburu, Uhuru na Makongeni. Tuliwahi kubishana kuhusu benga, kuhusu Franco, kuhusu nani alikuwa mkali kati ya Simba Wanyika na Les Wanyika. Kisha mwaka 2018 ikatoka filamu ya Bohemian Rhapsody, vijana wakaiona, na ghafla watu waliozaliwa baada ya Freddie Mercury kufa wakawa na maoni kuhusu Queen. Sisi wa kaseti tukaona tumevamiwa. Swali lililotugawanya likawa hili: katika miaka ambayo Queen waliingia kwenye sinthesaiza, ni wimbo gani unaobeba taji?

Swali hilo lina historia yake. Queen ilikuwa bendi ya gitaa, tena yenye majivuno. Kwenye majalada ya albamu zao za miaka ya 1970 walichapisha tangazo kwamba hakuna sinthesaiza iliyotumika. Walikuwa na sababu. Brian May alikuwa akirekodi gitaa juu ya gitaa, tabaka kwa tabaka, hadi likatoa sauti za tarumbeta, za fidla, za kwaya nzima, na wasikilizaji wakadhani ni mashine. Gitaa lenyewe alilitengeneza kwa mikono yake pamoja na baba yake kuanzia mwaka 1963, shingo ikichongwa kutoka mbao ya meko kuukuu na springi zikitoka kwenye pikipiki. Lile tangazo lilikuwa la mtu anayetetea jasho lake. Halafu mwaka 1980, kwenye The Game, sinthesaiza ikaingia na tangazo likatoweka. Mwaka 1982 wakatoa Hot Space, iliyoegemea disko kiasi cha kuwaudhi mashabiki wengi wa roki. Mwaka 1984 ikaja The Works, ambamo gitaa na kinanda vinaishi nyumba moja bila kupatana kabisa.

Huenda mtu akauliza hayo yanatuhusu nini sisi wa Eastlands. Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Waparsi. Baba yake alifanya kazi Mahakama Kuu ya huko, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Pale base hilo lilitosha kumfanya mtu wetu, na ubishi kumhusu ukawa wa kifamilia, ambao ndio mbaya zaidi. Isitoshe, tulikua naye. Mimi niliisikia The Works kwenye kaseti iliyokuwa nakala ya nakala, muziki ukisikika kama unatoka chini ya blanketi. Kaseti ikinakiliwa mara nyingi, kinachokufa kwanza ni zile sauti nyembamba za juu: mkwaruzo, mguso, mwanzo wa noti. Kwa hiyo kwa miaka mingi nilikuwa najaza mwenyewe kilichopotea, na nilijaza nilichokipenda.

Kambi ya "Radio Ga Ga" ilikuwa kubwa. Ni wimbo wa Roger Taylor, mpiga ngoma, na umesimama juu ya sinthesaiza na mashine ya ngoma. Hoja yao ilikuwa nyoofu: kama unatafuta wimbo wa enzi ya kinanda, chagua unaokubali kwamba ni wa kinanda. Juu ya hapo waliweka Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, uwanja mzima wa Wembley ukipiga makofi juu ya vichwa kwa pamoja, katika tamasha la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, majirani zetu. Kambi ya "Under Pressure" ilikuwa ndogo yenye kelele. Ilijitetea kwa jina la David Bowie, nasi tukasema wimbo ule unasimama juu ya gitaa la besi, usiletwe hapa. Kijana mmoja alitaka "Who Wants to Live Forever" ya mwaka 1986, akaambiwa ile ni okestra, akae chini.

Alikuwepo pia mzee mmoja wa Makongeni, mstaafu wa reli, aliyekataa kupiga kura. Kila mtu alipoita "I Want to Break Free" wimbo wa uhuru, mzee huyo alikumbusha kwamba Oktoba 1984, mwaka uleule wa wimbo huo, Queen walikwenda kupiga Sun City kule Bophuthatswana, wakati wasanii wa dunia walikuwa wametakiwa kuisusia Afrika Kusini ya ubaguzi, na Umoja wa Mataifa ukawatia kwenye orodha yake ya waliokiuka. "Uhuru gani huo wa kuimbiwa Sun City?" aliuliza. Tulimnyamazia, tukarudi kwenye mambo ya gitaa. Namtaja kwa sababu yeye na fundi walifanya kosa lilelile. Walileta ukweli mahali ambapo watu walikuja kushangilia.

Nahodha wa kambi ya "I Want to Break Free" nilikuwa mimi. Hoja yangu haikuwa uhuru. Nilisema hivi: wimbo huu aliutunga John Deacon, mpiga besi, na umejaa kinanda, lakini katikati, mwimbaji anaponyamaza, gitaa la Brian May linaingia na kuuokoa. Kila mgeni alipokuja nilimtolea hotuba hiyo upya. Nilieleza jinsi May anavyouvuta uzi. Nilieleza kwamba hapigi kwa pleki ya plastiki ila kwa sarafu ya peni sita, jambo ambalo ni kweli, na kwamba ukitega sikio vizuri utaisikia ile sarafu ikikwaruza uzi. Sikuwa nadanganya. Wallahi niliisikia. Niliisikia sarafu ambayo haikuwepo.

Sharti niseme chuki yangu kwa kinanda ilitoka wapi. Ujanani nilijifunza gitaa, nikalipiga vibaya, nikaliacha, nikabaki kuliheshimu kwa heshima ya mtu aliyeshindwa. Yeyote aliyebonyeza kitufe na kutoa sauti ambayo vidole vyangu viliikosa nilimwona mwizi. Mombasa Roots walipoichukua chakacha, ngoma ya akina mama kwenye harusi za Pwani, wakaitia vyombo vya umeme na kutoa "Disco Chakacha", niliuponda wimbo huo huku nikiucheza. Calif Records walipoanza kupika genge kule California, papa hapa Eastlands, nilisema kwamba msanii ni kompyuta na Jua Cali anaisindikiza tu. Haya yalikuwa maoni, na kila mtu ana haki ya maoni. Mimi nilikuwa nimeyageuza maoni kuwa masikio.

Fundi hakuwa mwanachama wa base. Ni rika la wanangu. Kibanda chake hakikuwa mbali, kimejaa redio, ampu, spika zilizopasuka, na vinanda vya makanisa vilivyomwagikiwa soda. Siku hiyo alikuwa amekuja kunyolewa tu. Nikiwa katikati ya hotuba yangu, akasema bila kupaza sauti:

"Mzee, hiyo si gita. Ni kinanda."

"Kinanda kipi?"

"Hiyo solo yote. Toka inaingia mpaka inatoka."

Watu wakaguna. Nikamuuliza anajuaje, na alichojibu ni somo ambalo ningelipia pesa nikilipata leo, likitolewa na mtu aliyefungwa shuka ya kinyozi shingoni. Alisema uzi ukipigwa, kwanza unasikia kipigo, kisha sauti inafuata na kuanza kufa papo hapo. "Sasa hapa sikia, hakuna kipigo. Sauti inaingia ikiwa nzima, na inakaa vile mwenyewe anataka." Akatuambia tena tufuatilie noti moja inavyopanda kwenda nyingine. Kwenye gitaa kidole huusukuma uzi, nao uzi hugoma kidogo kabla ya kukubali. Kwenye wimbo ule noti inateleza kwa mwendo mmoja, kazi ya ule mkono mdogo ulio kando ya vitufe. Akamalizia kwa kumsifu Brian May. Mtu aliyejitengenezea gitaa kwa mbao za meko na springi za pikipiki, alisema, huyo ni jua kali kamili, na ana sifa zake nyingi, kwa hivyo haina haja apewe za mwenzake.

Nikikumbuka maneno hayo naona kwamba aliyelipenda gitaa lile kuliko sote alikuwa yeye. Sisi tulikuwa tukilishangilia, naye alikuwa akilijua.

Mimi nilitoa simu. Nikatafuta video ya Queen wakiwa Wembley Julai 1986, nikaipeleka mbele hadi kwenye wimbo huo, nikaizungusha kila mtu aone. Brian May yuko jukwaani, gitaa mkononi, anaipiga ileile solo. "Macho unayo?" nikamuuliza fundi. Kibanda kikalipuka. Yeye akaitazama video hadi mwisho, kwa utulivu wa mtu anayekagua waya, akasema, "Hiyo ni shoo, mzee. Mimi naongea ya rekodi." Nikamwambia arudi kwake akachomelee waya, muziki awaachie wenye masikio. Kicheko kikazidi. Akangoja kinyozi amalize, akalipa, akaenda zake.

Tazama jinsi ushahidi unavyoweza kuwa wa kweli na bado ukadanganya. Video ile haikuwa bandia. Jukwaani May huipiga sehemu hiyo kwa gitaa. Fundi hakulikana hilo. Yeye alizungumzia kilichomo kwenye rekodi, mimi nikaleta jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza, na kwa kuwa watu walikuwa upande wangu, jibu langu likahesabiwa.

Laiti yangeishia hapo. Muda si mrefu kanisa ninalosali likatafuta mtu wa kutunza vyombo: kinanda, mixer, maikrofoni, spika za ndani na za nje. Si kazi ya kumtajirisha mtu, lakini ilikuwa na malipo ya kila mwezi, na kwa fundi wa kibanda, ambaye leo anapata na kesho anakosa, malipo ya kila mwezi ni kodi ya nyumba. Jina lake lilipendekezwa na mama mmoja wa kwaya ambaye kinanda cha mwanawe kiliwahi kufa kikafufuliwa pale kibandani. Mwenyekiti akanigeukia, kwa sababu kanisani najulikana kama mtu wa muziki.

Nilikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningesema simfahamu vya kutosha. Ningesema nimeona kazi zake na ni safi, maana redio yangu mwenyewe aliwahi kuitengeneza na hadi siku hiyo ilikuwa haijasumbua tena. Badala yake niliuchukua mzaha wa kinyozi nikauingiza kikaoni. Pale base mzaha ule ulikuwa na kiwango chake, kila mtu alijua ni ubishi wa Jumapili. Mbele ya kamati uligeuka kuwa hukumu. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje, kwa sababu nilikuwa nimewachekesha, na anayechekesha hadaiwi risiti.

Nilikuja kuujua ukweli kwa njia ya kawaida kabisa. Binti yangu alininunulia hedifoni nzuri. Nikaamua kuusikiliza wimbo wangu, kwa mara ya kwanza bila kaseti na bila spika ya kinyozi. Nikaingoja sarafu. Solo ikaingia, ikapanda, ikateleza, ikatoka, na sarafu sikuisikia. Nikarudisha nyuma. Nikasikia kila neno alilolisema yule kijana, moja baada ya jingine, kama alivyolipanga. Nikatafuta maelezo ya jinsi The Works ilivyorekodiwa, nayo hayakuwa siri. Aliyeipiga ni Fred Mandel, mpiga kinanda kutoka Kanada, na alitumia Roland Jupiter-8, sinthesaiza ya Kijapani iliyotoka mwaka 1981, yenye uwezo wa kutoa noti nane kwa mpigo. Nikasoma pia kwamba watu wengi duniani wamedhani ni gitaa. Nikafurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyoniharibu zaidi, kwa sababu nilipata umati wa kujificha ndani yake.

Nikiutafakari mkasa wa bendi hii naona mzaha mkubwa kuliko wangu. Katika miaka ya 1970 watu walisikia gitaa wakaapa ni mashine, hadi wenyewe wakalazimika kuchapisha tangazo. Mwaka 1984 watu wakasikia mashine wakaapa ni gitaa, na safari hii hakuna aliyetangaza lolote. Lakini kudanganyika kwetu kuna sababu, na sababu hiyo ni kazi. Ndani ya sinthesaiza hakuna solo iliyolala ikingoja kuamshwa. Mwenye kuipiga huanza na mawimbi ghafi ya umeme, akayachuja hadi yapate rangi anayoitaka, akaamua noti ianzeje, ikae kiasi gani, ife vipi. Kisha kwa mkono mmoja anapiga na kwa mwingine anaipindisha noti pale ambapo mpiga gitaa angeipindisha. Ili atudanganye namna ile, Mandel ilibidi alijue gitaa vilivyo. Nilichokiita wizi kilikuwa ni elimu, tena ya ala niliyoshindwa kujifunza.

Baada ya hapo nilifanya nini? Nilinyamaza. Ningependa kusema nilisahau, lakini sikusahau hata kidogo. Nilijiambia kwamba ni wimbo tu. Nilijiambia kwamba kamati huenda ilikuwa na sababu nyingine. Nilijiambia kwamba mtu wa umri wangu akienda kumwomba radhi kijana kwa ajili ya solo ya Queen ataonekana amechanganyikiwa. Na nilifanya ujanja mmoja ambao sijawahi kuukiri. Niliihama kambi yangu. Jumapili moja nikatangaza kwamba nimekua, kwamba "Radio Ga Ga" ndio wimbo wa enzi ile, na hoja za kuutetea nikaziiba kwa wapinzani wangu wa zamani. Watu walinisifu kwa ukomavu. Kumbe nilikuwa nakimbia tu, ili ule wimbo mwingine usitajwe nikiwepo.

Kilichonisukuma hatimaye hakikuwa wema. Redio yangu iliharibika, na fundi mwingine niliyemjua hakuwa karibu. Nilisimama mbele ya kile kibanda na redio kwapani, nikaona haya kumwomba mtu huduma huku nimemfichia deni. Basi nikamwambia. Nikaanza na upande rahisi: ile solo ni kinanda, ulisema kweli, nami nilikutukana.

Hakuacha kuchomelea. "Nilijua ulijua, mzee," akasema. Nikamuuliza tangu lini. "Tangu uache kuongea juu ya hiyo song."

Kumbe ujanja wangu wote alikuwa ameusikia kama alivyosikia kinanda: kwa kutambua kisichokuwepo.

Ndipo nikamweleza habari za kamati, nazo hizo hakuzijua. Akaweka chuma chini. Alikuwa ameambiwa kwamba amepatikana mtu mwingine, basi. Akahitimisha mwenyewe kwamba amekosa kwa kuwa hana cheti, na tangu siku hiyo hakuomba tena kazi yoyote ya kanisa, hapa wala Buruburu wala Donholm, akiamini wote wanataka watu wa makaratasi. Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimepiga hesabu ya hasara ya kazi moja. Sikujua kwamba mtu asipoelezwa sababu hujitafutia mwenyewe, na ile anayoipata humfungia milango ambayo hata mimi sikuigusa.

Hakuniambia amenisamehe. Alinitazama muda mrefu, akasema mambo ya base hayamsumbui, vijana wale anakutana nao kila siku. "Lakini kule kwa kamati, mzee, huko mimi siwezi kuingia. Huko ni wewe." Kisha akaichukua redio, akaifungua, akaniambia bei. Nikalipa bila kuomba nipunguziwe, ingawa najua hilo si malipo ya lile deni.

Base nilikwenda kwanza, kwa kuwa huko ni kwepesi. Nikasimama nikasema yote. Walicheka sana, kinyozi akasema kanisani kwetu itabidi waanzishe ibada ya toba kwa ajili ya wapenzi wa gitaa. Mzee wa reli hakucheka. Aliuliza kama sasa, baada ya kujifunza kusikia, niko tayari pia kuzungumzia Sun City. Niko tayari, na alikuwa na haki ya kuuliza. Nilipotakiwa kupiga kura upya nilirudi kwenye "I Want to Break Free", safari hii kwa ajili ya Mandel. Wapo walioona nacheza na maneno. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza nimeupigia kura wimbo uliopo, si ule niliokuwa nao kichwani.

Kamati ndiyo iliyobaki. Ile ya wakati huo ilishavunjwa, mwenyekiti amestaafu na kurudi mashambani, wengine wamehamia Umoja na Kayole. Aliyepewa kazi anaifanya vizuri, na siombi aondolewe, kwa sababu hakumkosea mtu. Lakini neno nililolisema kikaoni bado linatembea, maana mtu aliyewahi kuchekwa kwenye kamati moja hupendekezwa kwa kusitasita kwenye nyingine. Nimeshindwa kumfuata kila mmoja nyumbani kwake, kwa hiyo naandika.

Ndugu wanakamati wa wakati ule, mliniuliza kama fundi yule anafaa. Jibu la kweli lilikuwa ndiyo, na nilikuwa na ushahidi wake nyumbani kwangu ukiimba kila asubuhi. Nililowaambia kuhusu gitaa na kinanda lilikuwa kinyume cha ukweli, na baadaye nililijua hivyo nikanyamaza. Hakukataliwa kwa ajili ya cheti. Popote mlipo sasa, kanisa lenu likitafuta mtu wa vyombo, jina lake liwekeni mezani, na akitokea mjuzi wa kuwachekesha kwa habari zake, mwulizeni amejuaje.